Muturi, Mshana na mhunzi asiyetajwa usiku

Msomaji mmoja wa safu hii anayeishi Kitengela ameniandikia swali lililonishughulisha juma zima. Yeye ni Muturi kwa jina la ukoo, asili yake ni Kirinyaga, na kazi yake ni uhasibu. Jirani yake wa ploti ya pili ni Mtanzania, mtu wa Upare, aitwaye Mshana, ambaye hupitisha bidhaa mpakani Namanga. Siku moja katika mazungumzo, wawili hawa waligundua kwamba kila mmoja aliambiwa na wazee wake kuwa jina lake maana yake ni mhunzi, yaani mfua chuma. Sasa anauliza: je, hawa ni ndugu waliopoteana? Na mbona Wamaasai, ambao ndio wenyeji wa Kajiado na ambao mikuki na sime zao zinajulikana duniani kote, hajawahi kukutana na yeyote kati yao anayeitwa "mhunzi"?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Hapana, majina hayo hayana undugu. Yametoka katika mizizi miwili tofauti, ingawa, kama tutakavyoona, Kiswahili kimeihifadhi yote miwili. Swali la pili ndilo zito, na ndilo litakalotuchukua safari ndefu, kwa kuwa linagusa watu walio hai na heshima yao.

Majina ya kazi ni adimu kwetu

Hebu tuanze mbali kidogo. Uingereza, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi ni Smith, yaani mhunzi. Ujerumani wapo akina Schmidt, Urusi akina Kuznetsov, Hungaria akina Kovács, Italia akina Ferrari. Mwarabu ana Haddad, linalotokana na hadidi, chuma. Wahindi wa asili ya Gujarat wanao akina Luhar, kutokana na neno lao la chuma. Ukiangalia orodha hiyo unaweza kudhani kwamba kila penye nyundo na fuawe lazima jina la ukoo lizaliwe.

Sivyo. Majina hayo ya Ulaya yalizaliwa katika mazingira maalumu. Kati ya karne ya 12 na ya 14 huko Uingereza, makarani wa kodi na wa mahakama walihitaji kutofautisha John huyu na John yule. Mmoja akaandikwa John wa kilimani, mwingine John mwana wa William, wa tatu John mhunzi. Kalamu ya karani ikalifanya la kupita kuwa la kudumu. Mjukuu wa yule John, hata kama alikuwa mwoka mikate, akabaki kuwa Smith.

Kwetu Afrika Mashariki mtoto alipata jina kwa njia nyingine. Jina lilitokana na wakati, kama Otieno wa usiku au Wafula wa msimu wa mvua. Au na tukio. Au na babu aliyetangulia. Jina lilikuwa la mtu, si la ukoo. Mambo yalibadilika serikali ya kikoloni ilipopitisha sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 akatakiwa kubeba kipande. Karani akauliza: jina lako nani? Babako nani? Jina la baba likaandikwa mwishoni, na taratibu likaanza kushika nafasi ya jina la ukoo.

Ndiyo maana majina ya ukoo yatokanayo na kazi ni machache kwetu, na yale yaliyopo yanastahili kuchunguzwa. Zanzibar lipo Nahodha, ambalo wengi walilizoea Shamsi Vuai Nahodha alipokuwa Waziri Kiongozi kuanzia 2000 hadi 2010. Bara, kazi iliyoacha alama iliyo wazi katika majina ni uhunzi. Na alama hiyo haikuachwa kila mahali.

Mũturi na kufua

Tulichukue kwanza jina la msomaji wetu. Katika Kigikuyu, mhunzi ni mũturi, na wingi wake ni aturi. Kitenzi chake ni gũtura, kufua chuma. Angalieni sana alama zilizo juu ya herufi. Kigikuyu kina irabu saba, na maandishi yake hutofautisha ũ yenye alama na u isiyo nayo. Kiswahili kimebaki na irabu tano tu. Lugha mama ya Kibantu ilikuwa na irabu saba kama Kigikuyu, na Kiswahili kilipozipunguza, kiliacha alama ya kipekee: pale palipokuwa na u ile kali isiyo na alama, konsonanti iliyotangulia iligeuka ikawa f au v.

Linganisheni. Mgikuyu husema maguta, Mswahili husema mafuta. Mgikuyu husema mbura, Mswahili husema mvua. Kwa hiyo Mgikuyu anaposema gũtura, Mswahili anapaswa kusema nini? Kufua! T imekuwa f, na r imedondoka kama ilivyodondoka katika mvua. Lakini penye ũ yenye alama, t haikuguswa: gũtũma ya Kigikuyu ni kutuma yetu, bila mabadiliko yoyote. Kwa maneno mengine, mũturi na mfua (chuma) ni neno lile lile, lililotenganishwa na karne nyingi za matamshi. Wakamba wako katikati ya safari hiyo. Wao nao huidondosha r, kwa hiyo mvua kwao ni mbua, na mhunzi ni mũtwii. Miongoni mwa koo zao upo ule uitwao Atwii, ukoo wa wahunzi.

Kuna tahadhari hapa kwa wenye jina hili. Kitambulisho cha taifa hakiandiki alama za irabu, wala hakijali irabu ndefu. Kigikuyu kina neno jingine, mũtũũri, lenye maana ya mkaazi. Ukiyavua maneno hayo mawili alama na urefu, yote yanabaki "muturi". Nimewahi kusikia vijana wakieleza kwa uhakika kwamba jina lao lina maana ya "mwenyeji", na wengine "mwenye maisha marefu". Kumbe babu yao alikuwa akivukuta moto! Wazee wakilitamka jina, sikio linajua tofauti. Karatasi ndiyo isiyojua.

Uhunzi wa Wagikuyu ulielezwa mapema. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliuandika katika kitabu chao cha 1910: jinsi mchanga wa chuma ulivyokusanywa mitoni, ukayeyushwa kwa makaa, kisha bonge likafuliwa kuwa panga, mkuki au cheni nyembamba. Jomo Kenyatta naye aliueleza katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, na akasisitiza jambo moja: mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa, kwa sababu laana yake iliaminika kuwa kali mno.

Sasa, jina lilisambaaje? Wagikuyu humpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mtu mmoja aliyejulikana kwa ufundi wake, akaitwa Mũturi, angeweza kuliacha jina hilo kwa wajukuu wa wana na wa mabinti zake pia. Wajukuu hao wakalipeleka katika mbari nyingine. Kwa kuwa kulikuwa na wahunzi katika migongo mingi ya milima, jina likachipuka mara nyingi, mahali pengi: Murang'a, Nyeri, Kiambu, Kirinyaga, hadi Embu na Mbeere. Ndiyo maana kukutana kwa Muturi wawili si dalili ya undugu. Wanachoshiriki ni kwamba mahali fulani nyuma yao alikuwapo mtu wa nyundo. Wala jina halimlazimishi mtu kuwa na kazi hiyo. Justin Muturi, aliyekuwa Spika wa Bunge la Kitaifa kuanzia 2013 hadi 2022, ni mwanasheria.

Washana wa Ugweno

Jina la jirani yake lina njia tofauti kabisa. Tuvuke mpaka. Ukisimama Taveta na kutazama kusini, ng'ambo ya Ziwa Jipe utaona Milima ya Upare Kaskazini, ambayo leo iko wilaya ya Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro. Huko ndiko Ugweno, nchi ya chuma. Chuma cha Ugweno kilitafutwa na majirani, wakiwemo Wachaga wa Kilimanjaro.

Ukoo wa wahunzi wa huko uliitwa Washana. Mmoja wao ni Mshana. Neno hili nalo Kiswahili kinalijua. Tafuta katika kamusi kitenzi kusana, nawe utakuta maana yake ni kufua chuma. Na msana ni mhunzi. Wengi leo hawakitumii kitenzi hiki, lakini kimehifadhiwa katika methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Yaani, mtoto wa mhunzi asipofua chuma, basi angalau atavuta mivukuto. Methali hiyo moja imebeba msamiati mzima wa karakana ya kale. Na sasa msomaji wetu ana jibu lake kamili: jina lake ni kufua, la jirani yake ni kusana. Mizizi ni miwili, kazi ni moja.

Historia ya Washana tunaifahamu kwa kina kutokana na marehemu Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikusanya simulizi za wazee wa Upare na kuchapisha historia ya kisiasa ya Wapare hapa Nairobi mwaka 1969. Simulizi zinasema kwamba Washana hawakuwa mafundi tu. Walikuwa watawala. Mwenye chuma alikuwa na jembe na silaha, na mwenye hivyo viwili alikuwa na nchi. Kisha ukoo mwingine, Wasuya, ukiongozwa na Angovi, ukawapindua. Mwanawe Angovi, Mranga, ndiye anayesifiwa kwa kuupanga upya utawala wa Ugweno. Kimambo aliyaweka mageuzi hayo karibu na karne ya 16.

Lililonivutia zaidi ni lililofuata. Walioshindwa hawakufutwa. Walipoteza kiti, wakabaki na nyundo, na jina wakabaki nalo. Wapare hutumia jina la ukoo kama jina la mwisho la mtu, mwanamume kwa mwanamke. Kwa hiyo mshindi na mshindwa wote wako katika orodha za leo. Kila Mtanzania analijua jina Msuya, kwa mfano, kwa ajili ya Cleopa Msuya, mwana wa Mwanga aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, kuanzia 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995. Na akina Mshana wapo, kimya kimya, shuleni, hospitalini, makanisani na sokoni.

Hapa tofauti ya ramani inaonekana wazi. Muturi ni jina lenye chemchemi nyingi. Mshana ni jina ambalo simulizi zake hukurudisha kwenye mlima mmoja. Mgikuyu hulipata jina la Muturi kwa kurithi babu fulani, na kaka yake wa tumbo moja anaweza kuitwa jina jingine kabisa. Mshana hulipata kwa kuzaliwa tu katika ukoo, na ndugu zake wote wanalo. La kwanza limetapakaa kama mbegu za nyasi. La pili limeshuka kama mto: kutoka Ugweno hadi tambarare, hadi Moshi na Tanga kwa reli iliyofika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, hadi Dar es Salaam kwa masomo na kazi. Upande wa Kenya, njia ya Taveta ni ya kale, na reli ya Voi ilipounganishwa na ile ya Moshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, safari ikawa nyepesi zaidi. Barabara ya Namanga nayo ikafungua mlango wa Kajiado. Kwetu Kenya, Mshana ni jina adimu, na anayelibeba aghalabu anaweza kukuonyesha milima alikotoka babu yake.

Neno lisilotamkwa usiku

Tumfikie sasa mwenyeji. Mhunzi kwa Kimaa ni olkunoni, na wingi wake ni ilkunono. Wasamburu, ndugu zao wa kaskazini, huwaita lkunono. Hao ndio waliofua mikuki ya morani, sime na kengele za ng'ombe. Misafara ya pwani ilipoanza kupita Umaasaini katika karne ya 19 ikilipa hongo kwa waya, shanga na nguo, waya ule wa chuma uliishia mikononi mwa wahunzi hawa, ukarudi ukiwa mkuki. Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1883 na 1884, alibeba waya huo huo kwa ajili ya kulipia njia.

Lakini ufundi haukuwaletea heshima. Mjerumani Moritz Merker mwaka 1904 na Mwingereza Alfred Hollis mwaka 1905 waliandika yale waliyoyasikia. Wamaasai wengine hawakuoana na wahunzi. Aliyepokea mkuki au sime kutoka mkononi mwa mhunzi alipaka mkono wake mafuta kwanza, ili asinajisike. Sababu iliyotolewa ni ya kidini: Mungu amekataza kumwaga damu, na mhunzi ndiye atengenezaye chombo cha kuimwagia. Kumwita asiye mhunzi "olkunoni" lilikuwa tusi. Na kwa mujibu wa Merker, neno hilo halikutamkwa baada ya jua kutua, kwa kuhofia kwamba simba au adui angeivamia boma usiku huo.

Jamani, neno lisiloweza kutamkwa usiku litakuwaje jina la mtoto? Mtoto huitwa usiku na mchana.

Hilo ndilo jibu la swali la pili. Wahunzi wa Kimaasai wapo tangu zamani, ila jina lao la kazi halikuweza kupanda kuwa jina la mtu. Wamaasai walipoandikishwa, walitumia mtindo wa "ole", yaani "wa" au "mwana wa", pamoja na jina la baba. Familia za wahunzi zikaandikwa vivyo hivyo, kwa majina ya baba zao. Katika miaka yote ya kusoma orodha za madarasa yangu nimekutana na akina ole wengi, lakini ole Kunoni sijampata.

Mtu anaweza kusema: labda Kimaa hakina tu desturi ya kuwaita watu kwa kazi zao. La hasha. Ukoo wa maloiboni, yaani waganga na waonaji wakuu, huitwa Inkidong'i, kutokana na enkidong', kibuyu cha kupigia ramli. Huko ni kuita watu kwa chombo cha kazi yao, na ni jina la fahari. Mbatiany alitoka huko. Olonana, ambaye Wakenya humwita Lenana, alitoka huko pia. Ndiye aliyetia alama yake kwenye mkataba wa 1904 na Waingereza, akafariki 1911. Kwa hiyo lugha ile ile, watu wale wale, walikuwa na kibuyu kilichozaa jina na nyundo ambayo haikuzaa.

Kazi au heshima?

Tunafika kwenye kiini cha jambo. Tumezoea kuamini kwamba jina la kazi ni kumbukumbu ya kazi: penye jina Mhunzi, palikuwa na uhunzi. Mifano yetu mitatu inaonyesha vingine. Jina la kazi ni kumbukumbu ya namna jamii ilivyoitazama kazi hiyo. Chuma kilifuliwa Murang'a, kikafuliwa Ugweno, kikafuliwa Kajiado. Pale mhunzi alipoogopwa kwa heshima, jina lilirithiwa na wajukuu. Pale alipotawala, jina likawa la ukoo mzima hata baada ya kupinduliwa. Pale alipodharauliwa, kazi ilirithiwa lakini jina likafichwa.

Ukitazama ramani pana zaidi, hali hii haikuanzia wala kuishia Kajiado. Katika ufalme wa Rwanda, nyundo ilikuwa miongoni mwa vyombo vitukufu vya mfalme. Kwa Wasomali, wahunzi huitwa Tumal, nao kwa muda mrefu walitengwa katika ndoa kama ilkunono. Kwa kiasi fulani, mstari unapita kati ya wakulima na wafugaji. Mkulima bila jembe hana chakula, kwa hiyo humstahi alitengenezaye. Mfugaji huhesabu utu kwa mifugo, naye humtilia shaka mtu anayeishi kwa kazi ya mikono na malipo. Lakini tusikaze kamba kupita kiasi. Hata mkulima Mgikuyu alimwogopa mhunzi, na hofu na dharau mara nyingine hulala kitanda kimoja.

Je, haya ni ya kale tu? Natamani ingekuwa hivyo. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja kutoka Kajiado aliandika tasnifu kuhusu msamiati wa uhunzi katika Kimaa. Ilikuwa kazi safi: majina ya nyundo, ya koleo, ya mivukuto, ya rangi za chuma kinapopata moto. Ukurasa wa watoa habari aliuacha mtupu. Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole kwamba watoa habari wote walikuwa wa familia yake, na kwamba dada yake alikuwa mbioni kuchumbiwa. Nikauelewa ukurasa ule kuliko nilivyozielewa kurasa nyingine zote. Tuliwapa watoa habari nambari badala ya majina, na tasnifu ikapita. Ila fikirieni: watu waliotunza elimu ya chuma kwa vizazi wanaingia katika maktaba ya chuo kikuu bila majina.

Majina yanayozaliwa Kitengela

Turudi barabarani. Kitengela ya leo si ile ya nyika tupu. Sheria ya ranchi za pamoja ilipita mwaka 1968, na miaka ya 1980 ardhi ya ranchi ya Kitengela ikaanza kugawanywa kwa watu binafsi, kisha vipande vikauzwa, kisha vikakatwa kuwa ploti. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likafunguliwa jirani, Athi River, baada ya sheria ya 1990. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Hata jina la kaunti ni la safari: Olkejuado, mto mrefu, lilipita katika ndimi za wageni likatoka Kajiado.

Katika mchanganyiko huo, chuma kimerudi kwa kishindo. Tembea kando ya barabara ya Namanga uone vibanda vya kuchomelea milango, madirisha na mageti. Cheche zinaruka mchana kutwa. Wanaochomelea ni Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wagikuyu, na Wamaasai pia. Hakuna anayepaka mkono mafuta kabla ya kupokea geti lake. Wala hakuna anayemwita fundi huyo mhunzi. Anaitwa welda.

Toa simu yako uangalie ulivyowahifadhi mafundi wako. Wengi wetu hatujui majina yao ya pili. Tumeandika Kevo Welda, Otis Plamba, Mama Mboga, Juma Rangi. Hivyo ndivyo karani wa kodi wa Uingereza alivyofanya miaka 700 iliyopita! Alikuwa na John wengi, akawatenganisha kwa kazi. Tofauti ni kwamba kumbukumbu ya simu hairithiwi, na Huduma Centre haitamwandikia mtoto wa Kevo jina la Welda. Au labda siku moja itamwandikia. Lugha imewahi kufanya maajabu makubwa kuliko hayo.

Lakini welda ana bahati ambayo olkunoni hakuwa nayo. Neno lake limeingia mtaani likiwa safi, halina laana wala najisi. Kiswahili kimemfanyia mhunzi hisani hiyo hiyo. Katika Kiswahili sanifu, mhunzi ni mtu wa kazi, basi. Halikwepwi usiku, na anayeitwa hivyo hatukaniwi. Ndiyo maana naamini Kiswahili kinaweza kuwa mahali pa familia za ilkunono kuongea juu ya elimu yao bila kubeba mzigo wa neno la nyumbani. Haitoshi, najua. Dharau haiondoki kwa kubadilisha lugha, na ingekuwa heri zaidi neno olkunoni lenyewe litakaswe na wenyewe katika Kimaa. Vijana kadhaa wa Kimaasai wameanza kulitamka waziwazi, mchana na usiku, na simba hawajaja.

Nina ombi kwa wasomaji. Kama babu au nyanya yako alikuwa mhunzi, awe wa Kirinyaga, Machakos, Ugweno au Bisil, muulize leo majina ya vifaa vyake. Mvukuto ulikuwa wa ngozi gani? Jiwe la kufulia liliitwaje? Bonge la chuma kabla halijafuliwa, na baada? Kitenzi gani kilitumika kwa kuyeyusha, na kipi kwa kunoa? Andika kwa lugha yake kwanza, kisha kwa Kiswahili. Wagikuyu wasisahau alama za irabu. Na mwishoni mwa ukurasa, kama hali inaruhusu na yeye ameridhia, andika jina lake kamili.